Bangili ya Aule na Safari ya Kigali

Jumanne, 9 Julai 2019

Nimepata! Nimeisoma ile barua pepe mara nne, nimesimama kando ya friji namba mbili na glavu bado ziko mkononi. Tuzo ya usafiri — tiketi ya ndege, kitanda, ada ya kongamano, kila kitu. Kongamano la sayansi ya forensiki, Kigali, tarehe 18 hadi 20 Septemba. Wanasema walioomba ni wengi na waliochaguliwa ni wanane. Mimi ni mmoja wa wanane! Mtu wa mochari, wa Isiolo.

Ule muhtasari wa maombi niliuandika nikijua hakuna atakayeusoma. Ulikuwa wa bangili ya shanga. Kijana aliyebebwa na maji ya laga, ule mto mkavu unaofurika ghafla wakati wa mvua, mwezi wa Novemba, akaletwa kwetu bila jina. Hakuwa amewahi kuchukua kitambulisho, kwa hivyo alama zake za vidole hazikuwa popote. Miezi mitatu tulimwita Namba Kumi na Nne. Alikuwa na bangili tu. Nikaichora kwa karatasi ya manila, kubwa, kila ushanga na rangi yake, nikazunguka nayo sokoni kwa akina mama wanaouza shanga. Saba waliangalia wakatingisha kichwa. Wa nane, Natabo, aliweka kidole kwenye mstari wa tatu. Akasema hapo aliruka ushanga mmoja, siku hiyo alikuwa na hasira. Halafu akauliza, polepole sana, mwenye mkono yuko wapi.

Namba Kumi na Nne akawa Aule, mtoto wa Natabo wa Chechelesi.

Kuna sharti moja. Familia itie sahihi, maana picha zitaonyeshwa ukumbini.

Nimempigia Kirimi shuleni kwake Kulamawe. Mtandao ulikata mara mbili. Mara ya tatu alipiga nduru hadi nikasikia darasa zima likicheka. Mume wangu huyu!

Jumatano, 10 Julai

Nimemwambia Mzee Gikunda. Ana miaka ishirini na sita kwenye mochari hii, na kila ninachojua kuhusu kazi amenifundisha yeye — hata namna ya kuusalimia mwili kabla ya kuugusa. Ni yeye aliyeiosha ile bangili kwa sabuni ya kipande akaianika dirishani. Mtu mwingine angeitupa pamoja na nguo.

Aliuliza kama Kigali wana mochari. Nikamwambia hakuna mji usio na mochari. Akasema basi niwasalimie.

Nimemwambia jina lake litakuwa kwenye karatasi. Akaniita binti, kwa Kimeru chetu. "Niandike mwisho, mwari. Pale macho hayafiki haraka."

Baba pia nimempigia, Meru. Amefurahi. Ameuliza ni kongamano la nini. Nikasema — la hospitali. Miaka minne naficha jambo moja. Watu kijijini wanajua mimi ni wa maabara.

Jumamosi, 13 Julai

Nimeenda Chechelesi na fomu. Natabo alikuwa mlangoni, miguu imenyooshwa, sinia la shanga mapajani. Alinipa stuli, na chai ya maziwa kabla sijaomba. Ananiita daktari. Nimekataa hilo jina mara kumi, nimechoka.

Nilieleza yote. Tuzo, Kigali, picha. Akasikiliza bila kuacha kutunga. Halafu sindano ikasimama.

"Mkono wa mtoto wangu mnaenda kuonyesha watu kwa hoteli?"

Nikasema mkono hautaonekana, nitakata picha ibaki bangili peke yake. Akauliza jina la mtoto litasemwa? Nikasema hapana, tunasema mhusika namba fulani, ndiyo heshima ya kazi yetu.

"Heshima gani? Mlimwita namba miezi tatu. Sasa nimempa jina, mnarudisha namba?"

Alikunja fomu vizuri, mara mbili, akanirudishia. Akasema ninywe chai kabla haijapoa.

Jumapili, 14 Julai

Kanisani sikusikia mahubiri. Natabo anasema kweli. Hiyo ndiyo shida.

Alhamisi, 18 Julai

Natabo amekuja mochari mwenyewe! Kwa miguu, na lesso yake nzuri. Mzee Gikunda alitoa benchi nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, akalipangusa kwa mkono wake.

Hakuanza na mambo ya fomu. Alimuuliza Mzee Gikunda kama ni yeye aliyemfunika Aule shuka safi ile siku alipokuja kumtambua. Mzee akasema ni yeye. Natabo akamwambia ile shuka aliiona. Basi. Wakaketi wote wawili, na mimi katikati kama mtoto.

Halafu akanigeukia. Atatia sahihi, lakini ana masharti. Aule aitwe Aule. Mkono usionekane. Na jina lake yeye, Natabo, liandikwe pamoja na letu — "Wewe ulichora. Mimi ndiyo nilijua."

Nimemwambia hilo la tatu lazima niwaulize wenye kongamano. Akasema niulize. Ana subira.

Jumatatu, 22 Julai

Nimewaandikia. Barua ndefu mno, nimeifuta mara tatu. Nimesema kazi hii ina watu watatu, na aliyetoa jibu ni mmoja wao, naye hana cheti wala ofisi. Kwenye sehemu ya taasisi yake nimeandika: Soko la Shanga, Isiolo. Wakicheka, wacheke. Wakichukua tuzo yao, basi pia.

(Hapana. Wakiichukua nitalia. Niseme ukweli hapa angalau.)

Jumatano, 31 Julai

Jibu! Kutoka kwa katibu wa kamati, anaitwa Sheila. Nilifungua nikiwa nimefumba jicho moja. Anasema Soko la Shanga limeandikwa kwenye programu jinsi nilivyoliandika. Jina la Aule litasemwa ikiwa mama ametaka. Tena — kuna ufadhili mwingine, wa watu wa jamii wanaoshirikiana na watafiti. Mwaka huu hakuna aliyeuomba. Anauliza, je, Bi. Natabo angependa kusafiri?

Nilikimbia hadi sokoni na koti la kazi mwilini. Akina mama wa shanga walifikiri kuna msiba.

Natabo aliuliza ndege ina madirisha? Nikasema ndiyo. Akafikiria. "Nitaenda. Wewe utasema Kizungu chako, mimi nitaonyesha sindano inapita wapi. Wewe hujui kutunga, unajua kuchora tu."

Jumamosi, 24 Agosti

Sijaandika mwezi mzima, Kirimi alikuwa nyumbani likizo. Nyumba yetu ya mtaa wa Kiwanjani ilikuwa na kelele nzuri. Amepaka jikoni rangi. Amenisikiliza nikisoma hotuba yangu hadi sasa anaweza kuitoa yeye. Kesho anarudi Kulamawe, shule zinafunguliwa Jumatatu. Nimemkunjia mashati yake, na kila shati namwona anavyonitazama — anajua ninavyochukia kesho.

Vitambulisho viko tayari, changu na cha Natabo. Kigali hawataki pasi ya kusafiria.

Na baba. Nimemwambia hatimaye. Nimesema, baba, mimi si wa maabara, nafanya kazi na waliokufa. Nikadhani simu imekata. Halafu akasema amejua tangu mwaka wa kwanza, alikuwa anangoja niwe tayari. "Wanahitaji mtu mwenye mikono mizuri," akasema. "Una mikono ya mama yako."

Nimelia hadi Kirimi akaacha brashi ya rangi.

Jumapili, 8 Septemba

Lazima niandike hili sasa, kabla halijanichanganyikia.

Baada ya kanisa tulifanya mazoezi hapa sebuleni. Mimi, Natabo, na Mzee Gikunda kama mkutano mzima. Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikaanza. Picha ya kwanza, bangili kwa juu. Natabo akasimama akaonyesha mstari wa tatu, ushanga ulioruka, kila kitu vizuri. Mzee akapiga makofi.

Picha ya tano ni upande wa ndani. Niliipiga kwa ajili ya vipimo tu. Na Natabo hakuwa ameuona upande huo tangu amtungie Aule — mwezi wa Februari tulikuwa tumeirudisha bangili mkononi mwa Aule, akaiona hapo, akaomba izikwe naye, na tukafanya hivyo.

Akasogea karibu na skrini hadi pua ikaigusa.

"Hii si mkono wangu."

Nikafikiri: tumekosea! Tumemzikia mtoto wa mtu mwingine! Mzee Gikunda naye alishika kingo za kiti.

Lakini alikuwa akionyesha sehemu moja tu, ndogo, kama urefu wa kucha mbili. Nyingine zote ni zake. Hapo bangili ilikatika, akasema, na mtu akaitengeneza. Uzi si wake. Yeye anatumia nailoni nyembamba, huu ni mweupe, mpana, umesokotwa — ni uzi uliochomolewa kwenye gunia la sukari. Na fundo liko ndani, limebonyezwa lisimkwaruze mtu.

Nimeiangalia picha hiyo miezi saba. Nimeipima kwa rula! Sikuona.

Nikamuuliza kama labda Aule alijitengenezea mwenyewe. Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza nilichokisikia kwake. Aule hata kifungo hakuweza kushona.

Akaketi. Akapapasa skrini kwa kidole kimoja, kwenye fundo.

"Huyu alikuwa anampenda," akasema. "Angalia vile ameficha fundo."

Jumatatu, 9 Septemba

Natabo amekuja saa moja asubuhi, kabla sijafungua mlango wa mochari. Hajalala. Anataka kumjua mwenye ule mkono.

Aule alikuwa akibeba mizigo kwenye duka fulani Kulamawe, mwaka mzima kabla ya kufa. Hayo anayajua. Zaidi ya hayo hajui. Alipokuwa akija nyumbani alikuwa anacheka peke yake, hakusema sababu.

Nimeogopa. Kulamawe ni kwa Waborana, na Aule alikuwa Mturkana, na sisi wote tunajua mapigano ya miaka iliyopita kati ya watu hawa. Kama kuna msichana, pengine kwao hawajui. Nikizungusha mchoro huko kama nilivyozungusha hapa sokoni, ninaweza kumharibia mtu maisha. Nimemwambia Natabo hivyo. Amekubali. Amesema tusiulize mtu — tuangalie tu.

Nimemtumia Kirimi picha ya fundo. Nimemwambia asimwonyeshe yeyote. Afungue macho tu.

Alhamisi, 12 Septemba

Kirimi amepiga saa saba mchana kutoka kwenye kile kilima chao cha mtandao, anahema.

Mtungi wa maziwa! Kila asubuhi ananunua maziwa kwa duka la mzee mmoja, Molu. Mtungi una mkanda wa ngozi uliokatika zamani ukashonwa. Uzi wa gunia, mweupe, umesokotwa. Fundo kwa ndani. Ameushika huo mkanda kila siku tangu Januari.

Amemuuliza Molu, kwa mzaha tu, fundi wa mkanda ni nani. Molu akasema ni binti yake, Darmi.

Nikamuuliza Kirimi, umemwona? Akasema ndiyo, humwona kila siku. Halafu akaniita jina langu. "Gacheri. Ana mtoto. Miezi mitano hivi."

Nimehesabu kwa vidole. Nimehesabu tena.

Jumamosi, 14 Septemba

Kirimi amezungumza na Molu baada ya swala ya adhuhuri, wawili peke yao, nyuma ya duka. Alikuwa ameniuliza kwanza, nami nikamuuliza Natabo, na Natabo akasema mzee aambiwe. Kirimi anasema hajawahi kuogopa hivyo maishani.

Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyepaza sauti. Molu alisema mwaka jana alikasirika sana. Binti yake alimwambia mwenye mimba ni Aule na kwamba Aule amekwenda kwao kumwambia mama yake, atarudi kuongea na wazee. Hakurudi. Wakangoja. Mtoto akazaliwa, msichana. Wakaacha kungoja. Molu akasema kilichomuuma si kabila, ni kwamba kijana alikula chakula chake mwaka mzima kisha akakimbia.

Kirimi akamwambia hakukimbia. Akamwambia kuhusu laga.

Molu alikaa chini, mchangani. Akasema Inna lillahi. Akasema, mimi nimemlaani huyu kijana mwaka mzima.

Lakini Darmi bado hajui. Baba yake ameshindwa kumwambia. Anasema atamleta Isiolo, asikie kwa mwenye kujua.

Nimeenda Chechelesi mara moja. Nimemweleza Natabo kila neno, pamoja na mtoto. Aliinamia sinia lake, na shanga zikamwagika, na hakuna aliyeziokota. "Aule alikuwa akija kuniambia," akasema. "Alikuwa njiani akija kwangu."

Baadaye nikasema, nikiwa mwangalifu, kwamba mimi naweza kumwambia Darmi. Ni kazi yangu. Nimeshawaambia wengi.

"Hapana," akasema Natabo. "Mimi."

Jumatatu, 16 Septemba

Gari la kwenda Nairobi ni kesho saa tano, ndege ni Jumatano alfajiri, zamu yetu ya kuongea ni Alhamisi. Nimemwandikia Sheila kwamba huenda tukabadilisha picha ya tano. Sijui niandike nini hapo. "Mshonaji wa pili"? Sijaomba ruhusa ya Darmi. Nimeiondoa. Itabaki nafasi nyeupe.

Molu hajasema ni lini watakuja.

Jumanne, 17 Septemba

Naandika nikiwa kwenye ngazi za mochari. Ni saa nne na nusu.

Natabo alifika mapema na kibegi kidogo, amejipamba shingo yote. Alikuwa ameketi kwenye benchi la Mzee Gikunda. Mzee mwenyewe amevaa tai! Ati kutusindikiza.

Kirimi akapiga. Hakusema hata habari. Amepewa ruhusa shuleni, wako wote ndani ya pikapu ya Molu, wamepita uwanja wa ndege wa Isiolo, wanakuja hapa moja kwa moja. Darmi ameambiwa tu kwamba kuna mama anataka kumwona.

Nikamwambia Natabo. Nikamwambia pia gari letu haliwezi kungoja, na hilo si neno, nitaongea na Sheila, tiketi ni karatasi tu. Sijui kama hata alinisikia. Alikuwa akijifuta viganja kwenye lesso.

Wameingia getini sasa hivi. Molu mbele, kofia mkononi. "Salaam aleikum," akasema. Mzee Gikunda akamwitikia kama amezaliwa msikitini, akampa kiti. Kirimi yuko nyuma, uso umejaa vumbi. Ameniangalia mimi tu.

Na Darmi. Mdogo kuliko nilivyofikiri. Mtoto mgongoni amelala. Amesoma kibao cha mochari kilicho juu ya mlango. Amekisoma mara ya pili. Ameangalia baba yake, na baba yake ameangalia chini.

Natabo ameinuka. Nilidhani atasema. Mmoja anajua Kiturkana na kile Kiswahili cha sokoni, mwingine Kiborana.

Honi inapigwa barabarani. Ni gari letu. Hakuna aliyegeuka.

Natabo amevuka uwanja wa mochari. Ameuchukua mkono wa kulia wa Darmi, ameugeuza, ameufungua vidole kimoja kimoja. Anaviangalia ncha kwa karibu sana, anavigusa kwa dole gumba pale sindano huwa inachoma. Darmi anamwacha. Machozi yameanza kumtoka na bado hajaambiwa kitu.

"Ni wewe ulitengeneza," Natabo anamwambia.

Honi tena. Mtoto ameamka, ametoa kichwa juu ya bega la mama yake, na anamtazama Natabo. Nafunga daftari nikamwambie dereva aende, tutatafuta gari la jioni.